Matone ya Ndimu Katika Maji ya Matemwe

Mmeniuliza wote, mmoja mmoja na kwenye kundi letu la simu, ilikuwaje nikaenda Unguja na kipimo cha maabara nikarudi na kabichi. Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu anapata mkia wake. Basi kaeni niwaeleze yote tangu mwanzo. Habari za tiketi na barua za chuo naziruka, hata mimi zilinichosha.

Mnakumbuka siku ile mwalimu wetu wa kemia alipofundisha bafa. Alisema ni mchanganyiko unaopokea asidi bila kubadilika sana, na kwamba maji ya bahari ni bafa kubwa kuliko zote duniani. Nikanyoosha mkono nikauliza: kama ni hivyo, mbona watu wanaogopa kwamba bahari inazidi kupata asidi? Mlicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Nyamizi, nenda kaiulize yenyewe, halafu uandike utafiti wako wa mwisho." Nami nilikuwa sijawahi kuiona bahari hata siku moja.

Tabora hadi Dar es Salaam

Niliondoka Tabora na begi la nguo, dumu dogo la asali ya msituni ambalo mama alitaka nimpelekee mwenyeji wangu, na kisanduku cha bati. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kipimo cha pH cha chuo na chupa tatu ndogo za maji ya rangi: moja ya waridi, moja ya njano, moja ya buluu. Hizo chupa ndizo bafa za kusahihishia kipimo. Unakichovya humo kwanza, kinajua asidi ni nini na magadi ni nini, ndipo unakiamini kwa maji mengine. Bila hizo, kipimo ni kijiti chenye betri.

Tulipopita Manyoni treni ikasimama. Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli huko mbele, na mafundi walikuwa wanajaza mawe. Tulikaa hapo tangu asubuhi hadi alasiri. Akina mama walitoka vijijini na kuku wa kuchemsha na viazi vitamu, tukala tukashiba, tukala tena kwa kukosa kazi. Jirani yangu wa kiti alikuwa fundi cherehani, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniuliza kisanduku kina nini.

Nikamweleza kwamba ile hewa ukaa tunayoitoa puani, inayotoka pia kwenye moshi wa magari na viwanda, sehemu yake kubwa inaingia baharini, na ikichanganyika na maji inakuwa asidi.

"Kwa hiyo bahari inatiwa gesi kama soda," alisema.

Nilitaka kumsahihisha nikaona hana kosa. Soda ni hivyo hivyo.

"Lakini bahari haigeuki kirahisi," nikamwambia.

"Kwa nini?"

Nikaanza kumwandikia milinganyo nyuma ya gazeti lake. Kabla sijamaliza mstari wa pili alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Nilibaki na kalamu mkononi, nikitambua kwamba jambo nililopatia alama zote kwenye mtihani siwezi kumweleza mtu aliye macho akabaki macho.

Kuvuka hadi Malindi

Kuhusu boti sitasema mengi. Nilikuwa nimejiandaa kuitazama bahari kwa mshangao, nikaishia kutazama mfuko wa plastiki alionipa mama mmoja bila kuniuliza kitu. Niliponyanyua kichwa, tulikuwa tunaingia Malindi, bandari ya Unguja mjini.

Mara tu miguu ilipokanyaga ardhi isiyoyumba nikashuka kwenye ngazi za gati, nikachovya kidole, nikaonja. Nilijua ni ya chumvi, kila mtu anajua, lakini kujua na kuonja ni vitu viwili. Kisha nikatoa chupa tupu nikaanza kuchota. Mchukuzi mmoja aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa magunia ya vitunguu akasimama juu yangu.

"Dada, mganga wako kakwambia uchote mara ngapi?"

"Mganga gani?"

"Wa bara wote wanatumwa hapa. Mara saba, au mara tatu?"

Nilimwambia ni ya maabara, napima asidi. Alinitazama kwa huruma, akanong'ona kwamba hapo gatini maji yana mafuta ya meli, dawa haitafanya kazi. Bora niende mashariki ya kisiwa kwenye maji safi. Ushauri huo, nikiondoa habari ya dawa, ulikuwa ushauri bora wa kisayansi niliopata wiki nzima.

Mjini, nyumbani kwa Bi Shemsa

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Shemsa, mama mkubwa wa Latifa wetu wa chumba namba tisa. Anakaa peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili huko Mji Mkongwe, katika kichochoro ambacho ukikutana na mtu mwenye kapu mmoja wenu lazima arudi nyuma. Ni mrefu, mwembamba, vidole vyake vya manjano kwa bizari, maana kazi yake ni kutengeneza achari za ndimu na embe zinazouzwa madukani.

"Shikamoo Bi Shemsa."

"Marahaba mwanangu. Ushakula?"

"Nimekula kwenye boti."

"Na ushakitapika. Kaa."

Alinipa urojo wa moto wenye bajia na kachori, mchachu kiasi kwamba masikio yalizibuka. Aliionja asali ya mama kwa kidole, akafumba macho, akasema hii ataificha Latifa asiione. Nililala kama jiwe.

Asubuhi nikafungua kisanduku. Kipimo kilikuwapo. Chupa tatu hazikuwapo.

"Bi Shemsa, chupa zangu ziko wapi?"

Alikuwa jikoni anapanga makopo. "Zile za sherbeti? Nshazikosha. Ilikuwa ishaharibika, mwanangu, haina hata harufu. Nimekutilia achari ya embe uchukue safarini."

Na kweli, zilikuwa juu ya meza, zimejaa achari, zimefungwa vizuri.

Nikasema, "Nani kakutuma ushike vitu vyangu?"

Nilisema hivyo, marafiki zangu, kwa mtu wa umri wa mama yangu, aliyenilaza na kunilisha. Alikausha mikono yake taratibu. "Nisamehe," akasema, akapanda juu.

Nikakichovya kipimo kwenye maji niliyoyachota Malindi. Kikaniambia bahari ina asidi kama juisi ya ukwaju. Nikakizima. Nikakaa kwenye ngazi, nikawaza chuo, nikawaza mama yangu angesikia nimesema nini. La pili ndilo lililonipandisha ghorofani.

"Bi Shemsa, nimekukosea adabu."

"Ulikasirika. Na mimi nilimwaga." Akanigeukia. "Yale maji yalikuwa ya nini hasa?"

Nikamweleza: yalinisaidia kujua kitu kina asidi kiasi gani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono akanirudisha jikoni. Kwenye kapu palikuwa na kabichi ya zambarau, ile wanayopenda mahotelini.

"Hii nikiikatia kachumbari nikaikamulia ndimu, inakuwa waridi. Nikiikosha kwa maji ya kisima, yale maji yanayodondoka ni buluu. Miaka yote naiona. Ndicho unachokitaka?"

Ndicho nilichokitaka. Kidato cha pili tuliponda maua tukafanya jambo hilo hilo, nikasahau, maana tangu hapo nilipewa mashine. Tuliichemsha kabichi, tukachuja, tukapata chupa nzima ya maji ya zambarau. Haitakupa namba, lakini rangi haisemi uongo.

"Matemwe unakwenda kwa nani?" akaniuliza tukiosha sufuria.

"Kwa yeyote anayelima mwani."

Alisugua sufuria iliyokuwa imeshatakata. "Mlima mwani mmoja namjua. Tutakwenda sote."

Mkokotoni, tulikokaa bure

Tuliondoka na pikapu ya jirani anayesambaza achari zake kaskazini. Kutoka mjini kwenda Matemwe hakuna haja ya kupita Mkokotoni, hata mimi mgeni niliiona ramani, lakini Bi Shemsa alisema tuanze huko. Nikadhani ananitafutia sehemu nyingine ya kuchota maji. Nikashukuru.

Pikapu ikatushusha ikaenda zake. Nikachota maji karibu na vyombo vinavyovuka kwenda Tumbatu, nikaandika kwenye daftari, nikarudi. Bi Shemsa alikuwa amesimama pale wanapouza dagaa wakavu. Alishika dagaa, akawarudisha. Akaenda kwa muuzaji mwingine, akashika, akarudisha. Jua likapanda. Nikanunua vipande vya muhogo wa kukaanga tukala tumesimama. Akarudi tena kwenye dagaa.

"Bi, tununue tuondoke?"

"Nyamizi, turudi mjini."

"Kwa nini? Unaumwa?"

Akaketi kwenye kreti la soda lililogeuzwa. Ndipo akaniambia. Yule mlima mwani, Bi Mwanaidi, ni mke mwenzake. Mume wao, Makame, alikuwa na nyumba mbili, moja mjini na moja Matemwe, na wanawake hao wawili walipatana, wakipelekeana nguo za sikukuu. Miaka saba iliyopita Makame akafa ghafla akiwa Matemwe, akazikwa siku ile ile. Bi Shemsa alipata habari wakati watu wanarudi makaburini.

"Sikumuona uso," alisema. "Mwanaidi hakuningoja. Tangu siku hiyo sijasema naye. Uliposema Matemwe nikasema hii ndiyo sababu, namsindikiza mgeni. Sasa naona miguu haitaki."

Nina miaka ishirini na mbili, sijawahi hata kuchumbiwa. Nikamwambia ukweli tu: kwamba mimi Matemwe simjui mtu, nina chupa ya maji ya kabichi, na bila yeye watanidhania nimetumwa na mganga.

Alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tukapata lori lililokuwa linakwenda kuchukua magunia ya mwani, dereva akatupa nafasi mbele. Dagaa hatukununua.

Matemwe

Bi Mwanaidi alikuwa uani anaanika mwani kwenye majamvi. Ni mfupi, mnene, sauti yake inafika mbali. Alipotuona alisimama na fundo la mwani mkononi, likichuruzika.

"Hodi," alisema Bi Shemsa.

"Karibu."

Kuku wakasikika wakiparua uani.

"Umekonda," alisema Bi Mwanaidi.

"Na wewe umenenepa. Huyu mgeni, katoka Tabora, anasoma maji ya bahari. Nimemleta kwako."

"Tabora mpaka huku kusoma maji," alisema Bi Mwanaidi, akanitazama juu mpaka chini. "Haya. Karibuni ndani."

Walikuwa wananitazama mimi ili wasitazamane, kwa hiyo nikaanza kazi mara moja. Nikaomba bilauri mbili. Moja nikatia maji ya bahari, moja maji ya kisima cha pale uani, zote nikazitilia maji ya kabichi. Nikawaambia kwa sauti ya mwalimu: nitatia ndimu tone moja moja. Maji ya kisima yatageuka waridi haraka, maana ni maji matupu. Ya bahari yatakataa, maana yana bafa.

Bi Mwanaidi akashika ndimu upande wa bahari, Bi Shemsa upande wa kisima, mimi nahesabu. Ya bahari yakageuka tone la kumi na nane. Ya kisima yalikuwa bado buluu. Tone la ishirini na tano, buluu. La thelathini, zambarau kidogo.

"Mwalimu," alisema Bi Mwanaidi, "kisima changu kimeishinda bahari."

"Nilimwambia mjini," alisema Bi Shemsa. "Maji ya kisima yanaigeuza kabichi buluu. Hakunisikia."

Ni kweli aliniambia, nami nilisikia ya ndimu tu. Nikatoka uani nikakitazama kisima. Kimechimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, jiwe lile lile lililojengewa ukuta wa nyumba. Maji yanakaa humo yakiliyeyusha jiwe kidogo kidogo, na jiwe ni chokaa, na chokaa ndiyo inayoipokea asidi. Nilikuwa nimesoma haya yote. Sikuwahi kufikiri kwamba kitabu kinazungumzia kisima cha mtu.

Nikauliza kama kuna maji ya mvua. Lilikuwapo pipa la plastiki chini ya bati. Nikajaza bilauri ya tatu. Tone moja tu la ndimu, yakawa waridi kama kilemba cha harusi.

Hapo ndipo nilipopata maneno niliyoyakosa kwenye treni. Nikawaambia: maji ya mvua hayana jiwe ndani yake, yanachachuka papo hapo. Maji ya kisima na ya bahari yana jiwe lililoyeyuka, na jiwe hilo linaimeza asidi kwanza.

"Basi bahari haina neno," alisema Bi Mwanaidi.

"Haitakuwa ndimu, hapana. Lakini kile inachomezea asidi ndicho hicho hicho chaza na konokono na matumbawe wanachojengea maganda yao. Kila ikimeza zaidi, wao wanabakiwa na kidogo."

Alifikiri. "Kwa hiyo inajilinda kwa kuwanyima konokono."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari. Iko kwenye utafiti wangu, na jina lake.

Tukarudia majaribio, maana mara moja haitoshi. Safari hii Bi Mwanaidi ndiye aliyehesabu, na Bi Shemsa ndiye aliyetia ndimu.

"Kumi na mbili, kumi na nne."

"Umeruka," alisema Bi Shemsa.

"Sikuruka."

"Umeruka kumi na tatu. Kama ulivyoniruka mimi."

Nikashusha kalamu. Bi Mwanaidi hakupandisha sauti, na kwa mtu mwenye sauti ile jambo hilo lilitisha zaidi.

"Nilikungoja mpaka alasiri. Wanaume wakisema tumzike, mimi nikisema bado, Shemsa anakuja. Simu yako imezimwa. Nikamtuma mtu mpaka mlangoni kwako. Kakuta kufuli. Ulikuwa wapi?"

Bi Shemsa alikuwa bado ameshika kipande cha ndimu. Kilidondoka tone, kikadondoka jingine, hakuna aliyehesabu.

"Mkokotoni," alisema. "Nilikwenda kumnunulia dagaa. Jana yake alinipigia, akasema akija mjini anataka dagaa wa Mkokotoni. Simu ikanizimikia huko huko." Akaiweka ndimu chini. "Sikujua kama ulituma mtu. Hakuna aliyeniambia."

"Nilidhani ulikataa kuja."

"Nilidhani ulikataa kuningoja."

Nilitoka nikaenda kuvitazama visivyohitaji kutazamwa. Niliporudi walikuwa wamekaa mkeka mmoja, na Bi Mwanaidi alikuwa anamweleza mwenzake ulivyokuwa uso wa Makame: kwamba alitulia, kwamba ndevu alikuwa amezichonga siku hiyo hiyo, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfunika. Bi Shemsa alikuwa anauliza maswali madogo madogo. Shuka gani. Mkono upi ulikuwa juu. Mchana ule tulikula wali wa nazi na pweza, na hakuna aliyezungumza kemia.

Tulikaa siku tatu. Zilikuwa siku za bamvua, bahari inajaa mno na kutoka mno. Kulipopambazuka nilichota maji ukingoni, kabichi ikasema buluu. Karibu na adhuhuri, maji yalipotoka nikatembea mpaka kwenye mashamba, nikachota kati ya kamba za mwani, kabichi ikasema kijani. Nikadhani nimeharibu tena. Bi Mwanaidi, maji yakiwa magotini, akaniuliza kwa nini nashangaa. Mchana mwani unakula, usiku hauli. Na ni kweli: kwenye jua mwani na majani ya bahari hunywa ile hewa ukaa, na maji yanayoyazunguka hupungua asidi kwa saa chache. Swali langu la utafiti nililipata hapo, nimesimama na ndala moja, nyingine imechukuliwa na matope.

Kurudi

Siku ya kuondoka lori lilifika mapema. Nikamtafuta Bi Shemsa ndani, hayupo, uani, hayupo. Nikamwona mbali huko chini, kanga imefungwa kiunoni, ameshika ncha moja ya kamba ya mwani na mwenzake ameshika nyingine, wanabishana jinsi ya kufunga. Alininyooshea mkono. Nilipomfikia akanipa ufunguo wa nyumba.

"Mpe jirani mwenye pikapu. Mwambie achari itangoja."

"Unarudi lini, Bi?"

"Nitakuja," akasema, akarudi kwenye fundo lake.

Bahari ilikuwa shwari nikarudi na tumbo langu zima. Treni haikusimama popote pasipostahili. Mwalimu alinisikiliza nusu saa, akasema bila namba hakuna utafiti. Kisha akauliza maji ya kisima yalikula matone mangapi, akaniambia nirudie simulizi ya kisima tangu mwanzo, na mwisho akakubali: nitatumia rangi, nitazilinganisha na kipimo kikisahihishwa, lakini ninahitaji vipimo vya asubuhi na mchana, kila siku, kwa miezi miwili. Nikamwambia nina watu Matemwe.

Basi sasa mnajua kwa nini kila siku adhuhuri natoka bwenini na daftari. Simu inalia, na kwanza nasikia upepo, halafu Bi Shemsa.

"Andika buluu, mwanangu."

Na nyuma yake sauti inayofika mbali: "Usiandike buluu, Nyamizi. Hiyo kijani. Macho ya mjini hayo."

"Buluu, wallahi. Njoo uione karibu."

"Nshaiona. Kijani."

Nawasikia wakisogea kwenye mwanga kuigombania bilauri, na mimi nangoja. Mpaka leo hawajakubaliana hata mara moja. Naandika zote mbili.